Kivuli Kinachoanguka Upande wa Zambia

4 Novemba

Mvua imeanza leo, kabla watu hawajamaliza kuziba mabati. Nimenunua daftari hili ili niandike kazi ninayofanya kwenye kompyuta ya Keren, maana kichwa cha miaka sitini na miwili hakishiki tena mambo mapya. Gerejini pia nilikuwa na daftari: lori gani, taa gani, kosa lilikuwa wapi.

Keren ni binti yangu. Alikufa tarehe 11 Julai kwenye barabara ya Kasumbalesa, kilomita ya sitini kutoka Lubumbashi, mji wetu. Lori lilimgonga. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Ilikuwa mchana, barabara kavu, naye alikuwa kwa miguu. Fils, rafiki yake, mwana wa mama Huguette wa Katuba, alikuwa naye, akatoka na mguu uliovunjika. Siku ya maziko nilimwuliza: mlikuwa mnafanya nini katikati ya barabara? Akasema, “Tulikuwa tunatembea tu, papa.” Watu hawatembei tu kwenye kilomita ya sitini. Tangu siku ile nikimwona ninakasirika kabla hajanisalimia.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna mchezo wa kuendesha malori, umetengenezwa Ulaya. Vijana wanaojua huuongezea barabara za kwao. Nyongeza hiyo wanaiita mod. Keren aliongeza yetu, Lubumbashi mpaka Kasumbalesa, miaka miwili ya kazi: péage ya kulipia barabara, daraja, magunia ya mkaa, foleni ya malori mpakani na Zambia. Tarehe 29 Machi tunamaliza kilio, yaani matanga yake. Nimesema siku hiyo watu wote waione barabara yake, na iwe imeshatoka kwenye internet kwa jina lake. Baada ya hapo Jeannot, kaka wa mke wangu, atachukua kompyuta, kwa sababu kwetu vitu vya mtoto hufuata ukoo wa mama. Kwa hilo sina ubishi.

Ubishi wangu ni mwanga. Mwezi wa kumi Fils aliunganisha kompyuta na internet, mchezo ukajibadilisha wenyewe, na sasa kila kitu kinachowaka kimeharibika. Taa za foleni zinatetemeka. Taa za mbele za lori zinapenya kuta za nyumba. Na vivuli vina shida yao. Nitaandika kesho kama courant, umeme wetu, itakuwepo.

5 Novemba

Haikuwepo.

9 Novemba, Jumamosi

Fils alikuja na gongo lake la kutembelea. Akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaniachia kiti cha Keren. Mambo ya faili anayajua kuliko mimi, lakini kutafuta kosa hajui. Anagusa hiki, anagusa kile, anafungua mchezo, anasema “tuone.” Gerejini ningemfukuza siku ya kwanza.

Nikamwonyesha. Lori likiwa na waya unaogusana mahali, hufuati waya wote. Unatoa nusu ya fyuzi. Kosa likibaki, liko kwenye nusu iliyobaki. Unagawa tena. Keren nilimfundisha hivyo akiwa na miaka tisa, amekaa juu ya tairi, anaramba chumvi kwenye kiganja. Siku hiyo alipata waya mbovu kabla ya wanafunzi wangu wawili wenye ndevu.

Mod yake ina faili arobaini na nane. Tukatoa ishirini na nne, tukafungua.

“Zinatetemeka?” nikauliza.

“Zinatetemeka, papa.”

“Basi gawa tena. Unangoja nini, baraka ya padiri?”

Kumi na mbili. Sita. Courant ikakatika. Tukabaki tumekaa mbele ya kioo cheusi, mimi na yeye, tunasikiliza mvua.

16 Novemba

Tumelipata. Kila mlingoti wa foleni ulikuwa na taa mbili mahali pamoja, moja ndani ya nyingine, mchezo haujui ionyeshe ipi.

“Nani aliweka hizi za pili?”

“Ni miye. Nilitaka foleni ikuwe na mwangaza, siku ya kumaliza kilio bantu baone muzuri.”

“Foleni ya Kasumbalesa ina mwangaza? Ulishalala pale?”

“Hapana, papa.”

“Mimi nimelala pale chini ya malori ya watu. Ni giza, na moto wa mama mmoja anayechoma mahindi. Keren niliyemsimulia mimi aliweka moto huo. Wewe umeuzima kwa taa zako.”

Akazitoa, bila kuinua macho. Moto wa mahindi ukaonekana, mdogo, mwekundu, kando ya gurudumu. Clotilde, mke wangu, alikuja akautazama, kisha akarudi jikoni. Fils sikumwambia asante.

20 Novemba

Mvua. Bukari, ugali wetu, na mboga ya lengalenga. Hakuna kazi.

1 Desemba

Taa za mbele hazipenyi kuta tena. Kosa lilikuwa la mchezo mpya: kuta za Keren hazikuandikwa kwamba zinazuia mwanga. Nimeziandika mimi mwenyewe, ukuta mmoja mmoja, nyumba mia moja na kumi na tatu. Kwa siku nne hasira ilinipungua. Nyumba zote amezipa milango ya rangi. Ya bluu ya mwashi mmoja wa Kampemba niliitambua.

7 Desemba

Sasa vivuli.

Katika mchezo wote, kila nchi, jua la saa sita liko kusini na vivuli vinaanguka kaskazini. Kwenye barabara ya Keren peke yake vinaanguka kinyume. Ukitoka mjini mchana, kila mti unaangusha kivuli kusini, upande wa Zambia. Na ukivuka mpaka wa mod yake, ghafla vivuli vinaruka upande mwingine, kama mtu aliyepigwa kofi.

“Hii ni kosa,” nilisema.

“Tuiache vile iko, papa.”

“Kwa nini?”

“Tuiache tu.”

“Wewe unapenda sana ‘tu’. Kutembea tu. Kuiacha tu.”

Akavaa koti lake akaondoka kwenye mvua, na mguu ule.

14 Desemba

Fils hakuja. Nyanya zimeoza kwenye bustani kwa maji mengi.

22 Desemba, Jumapili

Leo nimepata ukweli.

Mawingu yalifunguka karibu na saa sita. Jua la mchana sikuwa nimeliona kwa wiki mbili. Clotilde alikuwa kanisani. Nikachukua chuma cha mita moja, nikakisimamisha katikati ya parseli, kiwanja chetu, nikakinyoosha kwa uzi wenye jiwe. Kivuli kilikuwa kifupi, cha shibiri moja, na kilielekea kaskazini, upande wa Likasi. Si upande wa Zambia. Nilikiangalia mpaka wingu likarudi.

Basi faili ya jua kwenye mod ni ya uongo. Nikaenda kuifungua. Kompyuta huandika tarehe faili ilipoguswa mara ya mwisho. Tarehe 24 Agosti! Keren alikuwa na wiki sita ardhini. Ni mtu mmoja tu aliyekaa kwenye kompyuta hii mwezi ule, amekuja na gongo na uso wa huzuni, na mimi nikamfungulia mlango, Clotilde akampa chai.

Mtoto wangu amefanya kazi miaka miwili, halafu huyu anakuja kutia mkono wake na kumgeuzia jua.

23 Desemba

Nimeifuta. Nimerudisha jua la mchezo. Vivuli vyote vinaelekea upande mmoja sasa, Ulaya na kwetu, na mpakani haviruki. Nilifanya peke yangu bila msaada wa mtu. Ningependa Keren anione.

25 Desemba

Noeli. Tulikula kuku. Sahani yake Clotilde aliiweka mezani kwa kusahau, kisha akaijaza wali ili isionekane kwamba amesahau.

4 Januari

Fils alikuja na mafuta ya kupikia, zawadi ya mwaka mpya kutoka kwa mama yake. Nilimngoja akae. Nikafungua mchezo, saa sita mchana, kilomita ya sitini, nikamwambia, “Tazama.”

Alitazama. Nilidhani atatetea. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyemwagiwa maji.

“Ile faili iko wapi?”

“Nimeifuta. Uliiandika wewe, mwezi wa nane. Kataa.”

“Sikatai. Ni miye niliandika. Lakini haikuwa yangu.”

“Ya nani, basi?”

Alitazama mguu wake. Nikamwambia mengi. Nikamwambia mwizi wa vitu vya maiti. Nikamwambia kwamba lori lilichagua vibaya. Hilo nimeliandika kwa sababu nililisema, na daftari la fundi haliandiki yale tu yaliyotengenezeka.

Aliinuka, akachukua gongo, akaenda bila kuaga. Chupa ya mafuta ilibaki mezani.

5 Januari

Clotilde haongei nami.

11 Januari

Mvua.

18 Januari

Mvua. Fils hakuja, na sikumngoja, ingawa saa nane nilienda langoni mara tatu kuangalia kama maji yameingia.

2 Februari

Wiki mbili bila courant. Transfoma ya mtaa imepigwa na radi. Watu wa mtaa wanachangishana, wanagombana, wanachangishana. Ninakaa kwenye kiti cha Keren mbele ya kompyuta isiyowaka. Alikuwa akiandika amevaa soksi mikononi wakati wa baridi, amezikata vidole kwa mkasi wa mama yake. Soksi zangu.

Nina hasira na transfoma, na radi, na wanawake wanaouza uyoga langoni wakiita kwa furaha. Nina hasira na Fils kila siku, asubuhi inaanza naye.

20 Februari

Courant imerudi. Niliendesha barabara yote mpaka Kasumbalesa. Hakuna kinachotetemeka. Kila kitu kiko sawa, lakini sikujisikia kama niko kwetu. Sijui kwa nini. Niliendesha tena. Ni kama nyumba ambayo mtu amehamisha dirisha.

8 Machi

Saa sita na kitu leo Clotilde alikuwa akianika mashuka. Jua kali, mbingu imeoshwa. Alisogeza beseni akalitia kwenye kivuli cha ukuta, na mimi nikaona beseni liko upande ambao si wake. Nikasimama.

Nilitafuta kile chuma. Shimo lake bado lilikuwepo. Nikakinyoosha kwa uzi. Kivuli cha shibiri ndogo, na kinaelekea Zambia.

Nilikaa chini kwenye tope. Clotilde akaita, “Léonard, umeanguka?”

Gereji yetu ilikuwa na kuta mbili. Miezi ya baridi tulifanyia kazi nyuma ya ukuta wa kusini, mpaka tunasahau ule mwingine. Miezi ya mvua, jua likitoka, tulibeba masanduku ya spana kwenda ule wa kaskazini. Kila mwaka, miaka thelathini na mmoja. Mimi mwenyewe nilikuwa nikipiga kelele: hameni, jua limegeuka. Niliupa mwili wangu kazi ya kujua, na kichwa changu hakikuwahi kuuliza.

Jua la kwetu linavuka juu ya vichwa vyetu na kurudi. Mwezi wa kumi na mbili niliupima ukweli wa mwezi wa kumi na mbili. Faili haikuwa ya uongo. Ilikuwa ya msimu mwingine.

9 Machi, Jumapili

Nilienda Katuba baada ya misa. Mama Huguette alikuwa mlangoni anapepeta mchele.

“Papa Léo! Leo njo umekumbuka njia ya kwetu? Ao umepotea?”

“Sijapotea, mama.”

“Basi hiyo hasira yako uivulie hapa inje pamoja na viatu. Mu nyumba yangu haiingie.”

Nilivua viatu. Fils alikuwa ndani, mguu juu ya kigoda. Akataka kuinuka, nikamwambia akae.

“Kivuli kimegeuka,” nilisema.

“Minajua, papa. Kila mwaka kinageukaka.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ulikuwa umeshafuta. Na ulikuwa unaniita mwizi.”

“Ile faili ilikuwa ya nani?”

Alitazama mlango, kisha mguu wake.

“Ya Keren. Watu wa mchezo kule Ulaya baliona picha alituma, walikuwa banamucheka, banasema kwenye barabara yake jua haiko sawa. Akasema, basi tutapima. Alikuwa anataka picha, ili akibaonyesha banyamaze. Tulienda na moto, ile pikipiki ya Djo, muuza vipuri. Kilomita ya sitini, sababu pale iko wazi, miti haifichake jua. Tukasimamisha fimbo ya mita moja pembeni ya goudron, lami ya barabara. Saa sita na robo. Akapima: sentimita makumi sita na tano, upande ya Zambia. Akasema, andika. Niliandika ku mukono. Kisha akachukua telefone kwa kupiga picha.”

Akasugua mkono ule. Nikamwambia aendelee.

“Fimbo ilikuwa inaanguka, nikaishika. Yeye akarudi nyuma, ili fimbo na kivuli viingie bote mu picha. Kivuli ilikuwa murefu. Haikuingia yote.” Akapangusa mdomo. “Papa, ni miye nilisema: kidogo tena.”

Mlangoni ungo ulikuwa umenyamaza.

“Niliona lori nyuma yake, niliruka, nilishika chemise, shati yake. Ilipasuka.”

“Ulisema mlikuwa mnatembea tu.”

“Ningesema nini? Siku ya maziko, bantu bote bale, ningesema mutoto yako alikufa sababu ya kivuli ya fimbo? Namba ilibaki ku mukono yangu siku tatu. Daktari alitaka kuosha, nilikatala. Mwezi ya nane njo nikaiweka mu faili. Ilikuwa yake ya mwisho.”

Nilisimama. Sijui nilitaka kufanya nini na mikono yangu. Kiti kilianguka. Nilisema, “Kidogo tena,” kama mtu anayerudia bei asiyoiamini, nikatoka. Nilivaa viatu mguu si wake, na mama Huguette hakucheka.

10 Machi

Sikuenda popote.

11 Machi

Nimemwambia Clotilde yote. Alikuwa anakwangua mwiko.

“Nilijua walikuwa wanapima jua,” alisema. “Alichukua mpini wa ufagio wangu asubuhi ile.”

“Na hukuniambia? Miezi minane?”

“Wewe ulikuwa unamuuliza Fils. Mimi hukuniuliza hata siku moja. Ulikuwa unapiga kelele, nikasema nitangoja umalize.”

Nikatoka nje nikapiga ngumi ukuta wa choo. Mkono umevimba. Nimekasirika na kijana, na dereva ambaye hakusimama, na watu wa mbali waliocheka. Lakini nikigawa, nusu kwa nusu, kama nilivyofundisha, kila mara kuna fyuzi moja inayobaki mkononi mwangu. Namba ile nimeifuta mimi.

15 Machi, Jumamosi

Nilimwita Fils. Alikuja. Nikampa kiti, nikakaa mimi kwenye ndoo.

“Makumi sita na tano?”

“Makumi sita na tano.”

Faili haikurudi, kwa hiyo tuliijenga upya. Tuliweka fimbo ya mita moja ndani ya mchezo, kilomita ya sitini, na rula chini yake. Jua la mchezo lina vifungo viwili vya namba, kimoja cha kulisogeza kaskazini na kusini, kimoja cha saa. Tuligeuza. Arobaini. Hamsini na nane. Sabini na moja. Kila mara tunafunga mchezo, tunafungua, tunangoja.

“Rudisha kidogo,” nilisema.

“Hivi?”

“Kidogo—” nikakatiza neno. Yeye pia aliliona. Akageuza bila mimi kumaliza.

Sitini na tano.

Tulikaa tukiangalia. Goudron nyeupe kwa jua, majani makavu, kivuli kirefu cha baridi. Dirisha lilirudi mahali pake. Ndipo nikajua kwamba ninapaona mahali alipofia. Nilikuwa nimepaona kwenye karatasi ya polisi peke yake.

“Fimbo tuiache, papa?”

“Itoe. Malori yatapita.”

Nilimwambia pia kwamba sijamaliza kumkasirikia, ili asidanganyike. Akasema anajua. Nikamwambia kwamba neno nililosema Januari kuhusu lori ni neno baya, na nimelisema mimi, na ninamwomba msamaha kwa hilo neno. Alikunywa chai yote.

27 Machi

Imetoka kwenye internet, kwa jina la Keren Chama.

29 Machi

Tumemaliza kilio. Watu walikuwa wengi mpaka barabarani. Mvua ya asubuhi ilituhurumia ikakoma saa tatu. Djo muuza vipuri aliendesha wa kwanza, akagonga péage, watu wakamzomea: “Lipa kwanza, Djo!” Mzee Katongo, babu yake Fils, aliyepeleka shaba mpakani miaka ishirini, alikaa akaendesha. Kwenye kilomita ya hamsini na kitu alipunguza mwendo, akapeleka lori mbele ya mti mmoja, upande wa Zambia, akasema, “Mwezi wa saba hapa njo tunasimamaka. Kivuli iko kubwa.” Hakuna aliyemwambia kwamba ndani ya mchezo ni mwezi wa saba.

Jioni Jeannot alifunga kompyuta ndani ya blanketi. Nilimshikia mlango.

3 Aprili

Mvua inakatika. Fils alikuja leo, si Jumamosi, na telefone yake. Watu mia tatu wameshachukua barabara ya Keren. Mmoja wa mbali sana ameandika, na Fils alinisomea kwa Kifaransa, polepole: barabara nzuri, asante, lakini kuna kosa la mwanga, mchana vivuli vinaanguka upande usiofaa, tafadhali rekebisheni. Watu kumi na wanne wameweka alama ya kukubaliana naye.

Nilisikia masikio yanapata moto. Fils alikuwa ananitazama.

“Tunajibu nini, papa?”

“Andika. Mwanga huu haukukosewa. Ulipimwa barabarani, tarehe 11 Julai, saa sita na robo mchana. Fimbo mita moja, kivuli sentimita sitini na tano. Aliyepima ni Keren Chama. Haurekebishwi.”

Aliandika kwa kidole kimoja. Akauliza kama inatosha.

“Bado. Ongeza mstari,” nilisema. “Aliyeshika fimbo ni Fils Katongo.”